Kompyuta haileti picha baada ya kuongeza RAM: usikimbilie kununua mazabodi

Mkuu, nimekuelewa. Kompyuta umeiunga mwenyewe, ilikuwa na RAM ya GB 8 ya DDR4, yaani kizazi cha nne, ukaongeza GB 8 nyingine uliyoinunua kwa mtu kama mtumba. Sasa feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini giza tupu, na fundi ameshakwambia mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, imekufa. Nakuomba usitoe hela kwanza. Mimi nipo Tanga, kuunga na kutengeneza kompyuta ndiyo kazi yangu, na mazabodi kufa kwa sababu ya kuongezewa RAM ni jambo nililoliona mara chache sana.

Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Toa kipande kipya, kile cha zamani kiache palepale kilipokuwa. Washa. Picha ikirudi, mazabodi yako ni nzima na maneno ya fundi yameishia hapo. Isiporudi, angalia mkono wako uligusa nini wakati unachomeka: waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8 ulio pembeni juu, na kadi ya grafiki kama unayo. Vitu hivi hulegea kidogo tu na kompyuta ikagoma. Kagua pia RAM yenyewe imekaaje. Mazabodi nyingi za siku hizi zina kishikio upande mmoja tu, kwa hiyo upande wa pili unaweza kubaki juu kidogo bila wewe kujua. Kandamiza ncha zote mbili mpaka isikike "ta".

Sasa toa cha zamani, weka kipya peke yake kwenye sloti hiyohiyo. Kikikataa, usiseme kibovu kabla hujasoma karatasi iliyobandikwa juu yake. Tafuta maandishi yanayofanana na PC4-2400T-UA2 au PC4-2400T-RA1. Herufi inayokuja baada ya kistari cha pili ndiyo ya kutazama. U ni RAM ya kompyuta za kawaida. R ni ya seva: inaingia kwenye sloti bila shida kwa sababu ina pini zilezile 288 na pengo liko mahali palepale, lakini kompyuta ya kawaida haitawaka nayo hata uifanye nini. Hizi za seva zimejaa sokoni kwa bei ya chini, na wauzaji wengi hawajui tofauti. Kwa kuwa yako ni ya mtumba, hapa ndipo ninapopatilia shaka kuliko pengine popote. Ukikuta R, irudishe kwa aliyekuuzia.

Ikiwa kila kimoja kinawaka peke yake lakini viwili pamoja vinagoma, basi hakuna kilichokufa, ila havijapatana. Kama mazabodi ina sloti nne, tumia ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha futa kumbukumbu ya BIOS, ile programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta: chomoa umeme, toa betri ya CR2032 kwa dakika kadhaa, irudishe. Mazabodi huhifadhi mipangilio ya RAM ya zamani, na wakati mwingine huilazimisha kwa mgeni. Ukiwasha mara ya kwanza baada ya hapo ipe muda. Inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe ikipima RAM, na mazabodi za DDR5, kizazi kipya zaidi, hukaa giza kwa dakika nzima au zaidi. Usikate umeme katikati.

Kwa sisi wa pwani kuna la ziada. Kompyuta iliyokaa nyumba ya Raskazone, dirisha linatazama bahari, ukitoa RAM yake utaona pini zimefifia, zina utando wa chumvi na vumbi. Pangusa kwa kitambaa kisicho na manyoya kilicholoweshwa kidogo spiriti, acha ikauke kabisa. Watu hutumia kifutio cha penseli na kinasaidia, ila kinakwangua dhahabu iliyopakwa pale na kuacha unga, kwa hiyo mimi sikitumii.

Picha ikirudi, usiishie hapo, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Niliwahi kuletewa mashine ya steshenari moja pale Ngamiani, yenye prosesa ya Ryzen 5 2400G. Mtu aliyeiongezea RAM aliona imewaka, akachukua hela yake akaondoka. Baada ya muda faili za wateja zikawa hazifunguki, barua za maombi ya kazi na vyeti vilivyoskaniwa, halafu skrini ya bluu ikaanza. Wenyewe walidhani ni virusi. Kumbe XMP, mpangilio wa BIOS unaoisukuma RAM kwenye kasi kubwa zaidi, ilikuwa imewashwa, na vipande viwili vya kampuni tofauti vinasukumwa kwenda kasi ya 3200, wakati AMD, watengenezaji wa prosesa ile, wanataja mwisho 2933. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye RAM mara nyingi ni kasi ya XMP, inayohitaji volti 1.35. Bila XMP, DDR4 hutumia volti 1.2 na kasi ya chini zaidi. Niliizima XMP, makosa yakaisha. Zile faili zilizoharibika hazikurudi.

Kwa hiyo weka MemTest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, ni ya bure, washia kompyuta hapo na iache ipime usiku kucha, XMP ikiwa imezimwa. Kosa hata moja tu, usiikubali. Ikipita safi ndipo uwashe XMP ukitaka, na upime tena upya. Kama umeme wa kwenu hukatika ovyo, tafuta UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, japo ya kuazima kwa usiku huo.

Na usishtuke Windows ikionyesha pungufu ya GB 16. Kama unatumia grafiki ya ndani ya prosesa, inajikatia sehemu yake humo.

Ukirudi, niandikie jina la mazabodi, prosesa, na maandishi yote ya kwenye karatasi za RAM zote mbili, herufi kwa herufi.