Mwili ni wangu, sigara ni yangu: kosa langu liko wapi?

SWALI: Assalaam aleikum, sheikh. Mimi ni mkazi wa Mombasa, na huu ni mwaka wa 19 navuta sigara. Mwezi uliopita nilishikwa nikivuta kwenye steji ya matatu, nikamtilia askari kitu mkononi akaniachilia. Jambo hili limeniuma. Mwili ni wangu, pesa ni zangu, na sijaona aya inayotaja sigara. Serikali inaniingilia kwa lipi? Tangu siku ile sivuti tena nje, navuta sebuleni kwangu tu, ingawa kitinda mimba wangu ana pumu na mamake hulalamika. Je, nina dhambi?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, umeniuliza habari ya steji, lakini iliyoninyima raha ni sebule. Nitaifikia.

Ni kweli hakuna aya inayotaja sigara kwa jina. Tumbaku iliwafikia Waislamu mnamo mwaka 1000 wa Hijria hivi, na tangu hapo wanazuoni wakahitilafiana: wapo walioiharamisha, walioiona makuruhu, yaani yachukiza bila kuwa haramu, na walioihalalisha. Mashekhe wa madhehebu ya Shafii wa Hadhramaut, huko Yemen, ambao elimu yao ndiyo tuliyolelewa nayo pwani hii, wapo waliosema kuwa asili yake ni makuruhu, lakini ikimdhuru mtu mwili au akili huwa haramu kwake, kama asali inavyokuwa haramu kwa mtu ambaye humdhuru. Leo madhara ya tumbaku hayana ubishi tena. Ndiyo maana wanazuoni wengi wa zama zetu wanaiharamisha, nami niko pamoja nao, kwa sababu Allah ametukataza kuziua nafsi zetu katika Surat An-Nisaa, aya ya 29.

Lakini tuseme hukukubali, umeshika ile kauli nyepesi kabisa. Bado hujatoka. Kitunguu thaumu ni halali, hilo halina mjadala. Hata hivyo Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekila kuusogelea msikiti, akasema kuwa malaika huudhika kwa kile kinachowaudhi wanadamu. Hadithi hii ameipokea Jabir, na imo katika Sahihi Muslim. Basi kitu kuwa halali kwako hakukupi ruhusa ya kuwapelekea watu udhia wake. Na hapo tunazungumzia harufu tu! Kitunguu hakijamuua aliyesimama nawe safu moja. Moshi wa sigara, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, unaua zaidi ya watu milioni 1 kila mwaka ambao wao wenyewe hawavuti.

Hilo neno lako, "mwili ni wangu", lina majibu yake tangu enzi za Mtume. Katika hadithi ya Nu'man bin Bashir, iliyomo ndani ya Bukhari, Mtume alitoa mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu, wengine chini. Wa chini walikuwa wakitaka maji huwapitia wa juu. Wakasema: lau tungetoboa tundu katika sehemu yetu, tusiwasumbue walio juu yetu. Sikiliza vizuri, "sehemu yetu". Hawakuwa na nia mbaya, walitaka maji tu. Mtume akasema kuwa wakiachwa wafanye walitakalo wataangamia wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa chombo kikitobolewa kinakuwaje.

Ile Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ni huko kushikwa mkono. Imekataza kuvuta mahali pa umma, misikiti, hospitali na matatu zikiwemo, na anayevunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Kiongozi akikataza jambo kwa maslahi ya watu, na katazo lenyewe si maasi, kumtii ni wajibu.

Na kile ulichomtilia askari mkononi ni rushwa. Sigara wanazuoni waliwahi kuhitilafiana, rushwa hawakuhitilafiana. Mtume amemlaani mtoaji na mpokeaji. Umesema umeumia kwa kushikwa; natamani ungeumia kwa hili. Tubu kwayo leo.

Sasa sebule. Umeutaja ugonjwa wa mwanao kwa maneno machache, ukapita. Pale steji, aliyechukizwa na moshi wako aliweza kusogea. Mtoto mwenye pumu asogee wapi, na nyumba ndiyo hiyo? Umekimbia pahali penye askari, ukaenda kuvutia penye mtu asiyeweza kukushitaki. Ndugu yangu, kosa la sebuleni ni zito kuliko la steji, kwa kuwa huyo umekabidhiwa na Allah, na Mtume amesema kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga.

Tena fahamu kuwa haki za waja hazifutwi kwa istighfari peke yake. Unatakiwa uombe radhi kwa uliyemdhulumu. Mketishe mkeo, mwambie umemkosea. Mtoto naye mwambie kwa lugha anayoielewa, wala usione haya.

Kuacha si kazi nyepesi, nami sikudharau. Nikotini hufunga mtu, na siku tatu za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Nenda kwa daktari, uliza habari za viraka vya nikotini vya kubandika mwilini na ubani wake wa kutafuna. Hiyo ni tiba, haina ubaya. Dua ya usiku iwe pamoja nayo. Na mpaka Allah akufungulie, sigara isiwashwe ndani ya nyumba hiyo hata moja, wala karibu na mlango au dirisha, na pakiti isilale humo. Ukiteleza ukavuta nje mbali na watu, badilisha nguo na unawe kabla hujamshika mtoto.

Mapazia na matandiko ya sebuleni yafueni wiki hii, wewe na mkeo. Allah amponye mwanao. Wallahu aalam.