Kukurbiti ni mimea gani?

SWALI: Kibandiko cha dawa ya ubwiri unga (ukungu mweupe kama unga kwenye majani) kimeandikwa "kwa kukurbiti". Nina matango, matikiti na mapapai. Nipulizie yote?

JIBU: Matango na matikiti, ndiyo, mapapai yaache. Kukurbiti ni mimea ya jamii ya maboga, Cucurbitaceae kwa jina la kitaalamu: boga, tango, tikiti, mung'unya, dodoki, karela, hata kibuyu. Mingi hutambaa au kuparamia kwa vikono vinavyojisokota, na aghalabu maua ya dume na ya jike hutengana. Chunguza ua la jike: chini ya petali kuna kitunda kidogo. La dume lina kikonyo kitupu.

Chavua hubebwa na nyuki, hasa asubuhi, basi pulizia jioni. Nyuki wakifa, vitunda hugeuka njano na kudondoka, na wengi hukimbilia kuongeza mbolea bure. Kama dawa yenyewe ni salfa, usipulizie kwenye joto kali. Huunguza majani, ya matikiti hasa.

Ukishavuna matango, usifuatishe tikiti wala boga hapo hapo. Ng'oa masalia, maana vimelea vya magonjwa hubaki humo, kisha panda mahindi kwa misimu 2 au 3.