Hati Haimwoni Mdudu: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Kuni

Mavuno ya korosho yamekwisha, wakulima wanapogolea, wengine wanakata mikorosho mizee ili waibebeshe vikonyo vya aina bora, na mafungu ya kuni yamepangwa kando ya barabara kuanzia Newala hadi Nachingwea. Barua nilizopokea zinafuata msimu huo. Zinazogusa watu wengi nimezijibu kwa kirefu, na zinazorudia jambo lililokwisha kuelezwa mara nyingi nimezijibu kwa mkato.

Swali: Shikamoo. Nimekata mikorosho mizee, nimelipia ushuru, na ninayo hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Je, kuna tatizo lolote nikipeleka kuni hizo Mtwara Mjini? (Msomaji, Masasi)

Marahaba. Swali hili huja kila mwaka kwa maneno yaleyale, na naomba safari hii jibu lisomwe mpaka mwisho. Hati inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, inathibitisha kwamba mzigo umevunwa kwa halali, umelipiwa, na unatoka mahali fulani kwenda mahali fulani kwa chombo kilichotajwa na katika muda uliotajwa. Ni hati ya lazima, na asiyekuwa nayo anastahili kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Hata hivyo, haikutungwa ili kueleza kama chini ya gome la kuni hizo kuna mayai au mabuu. Mtu anaweza kuwa na karatasi zote zinazotakiwa chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 na bado akapeleka balaa kwenye mashamba ya wenzake.

Fikiria njia yenyewe. Gari likitoka Masasi hupita Ndanda, Nyangao, Mtama na Mnazi Mmoja kabla ya kufika Mtwara, na sehemu kubwa ya njia hiyo watu wanasomesha watoto kwa korosho. Likiharibika njiani, au likishusha mafungu machache kwa mama lishe, kuni hizo hukaa wiki kadhaa karibu na mikorosho ya watu zikisubiri kuchomwa, na muda huo unaweza kumtosha mdudu aliyekuwa ndani kukomaa na kutoka. Kwa hiyo umekamilisha sehemu ya kwanza tu ya wajibu wako. Sehemu ya pili ni kukagua kila gogo kabla ya kupakia: lolote lenye tundu, unga au utomvu mweusi libaki shambani kwako na lichomwe hukohuko. Ningependa hata lile lililo safi uliuze Masasi, kwa maana wanaopika kwa kuni hapo ni wengi vya kutosha, na faida ya kulisafirisha mbali huliwa na mafuta ya gari.

Swali: Mikorosho yangu minne inatoa utomvu mweusi uliochanganyika na kitu kama unga wa msumeno. Jirani ananishauri niikate upesi niuze kuni kabla haijaoza. Nifanyeje? (Msomaji, Tandahimba)

Ushauri wa jirani usiufuate. Unayoyaeleza ni dalili za bungua wa mkorosho, aina ya fukusi ambaye wataalamu humwita Mecocorynus loripes. Jike hutoboa gome na kutaga humo. Buu lake ni jeupe, lina kichwa cha kahawia na halina miguu. Hula sehemu laini iliyo chini ya gome na kusukuma nje huo unga uliouona ukiwa umeshikana na utomvu. Mabuu yakiwa mengi hukata njia ya maji na chakula, matawi hunyauka, na hatimaye mti mzima hufa. Buu hukomaa na kuwa fukusi ndani ya mti huohuo, na kuangushwa kwa mti hakumzuii. Hapo ndipo biashara ya kuni inapogeuka hatari, kwa sababu mnunuzi hupelekewa kizazi kizima cha mafukusi kikiwa kimefunikwa vizuri ndani ya gogo.

Kwa mti ulioanza kushambuliwa, chokoa kwa kisu pale penye unga, toa buu na uliue, kisha pita mara kwa mara ukiwakamata mafukusi wanaotambaa juu ya shina. Mti ambao hauna matumaini tena ukatwe, lakini kagua kwanza mikorosho ya jirani, usije ukamaliza adui hapa ukamwacha hatua chache pembeni. Baada ya kuukata, bambua gome lote la shina na la matawi makubwa, ponda mabuu yote, na choma magome siku hiyohiyo. Kisiki nacho kisiachwe na gome lake. Magogo yaliyobambuliwa yatumie jikoni kwako, yasitoke kijijini. Mwite afisa ugani akague shamba zima. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, kinachoshughulikia korosho, hakiko mbali nanyi.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza. Mti ukikauka tawi baada ya tawi, majani yakigeuka manjano bila kuwepo tundu wala unga, usidhani ni bungua. Upo ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na fangasi wa Fusarium, uliobainika katika kijiji cha Magawa, Mkuranga, mkoani Pwani, mwaka 2012. Fangasi huyo hukaa udongoni, na huhama pamoja na udongo ulioganda kwenye visiki, mizizi na majembe. Anayeng'oa visiki vya mikorosho iliyokauka mkoani Pwani na kuvileta kusini kwa ajili ya tanuri za matofali anacheza na riziki ya mikoa miwili, Lindi na Mtwara, na viongozi wa vijiji wanaomwona akishusha mzigo huo wakanyamaza wanashiriki kosa hilo.

Swali: Naruhusiwa kusafirisha kuni usiku ili kukwepa jua? (Msomaji, Lindi Mjini)

Hapana, mazao ya misitu hayasafirishwi kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi, na hili limetangazwa mara nyingi mno kwa mfanyabiashara wa kuni kuendelea kuliuliza.

Swali: Nikizianika kuni juani miezi miwili, si wadudu wote hufa? (Msomaji, Ruangwa)

La. Wadudu wanaohitaji gome bichi hupungua kadiri kuni zinavyokauka, lakini hawamaliziki wote, na kuna kundi jingine linalopenda hasa mti mkavu. Kwa mbao za kufungashia mizigo ya kimataifa, kanuni inataka moyo wa ubao ufikie nyuzi joto 56 kwa dakika 30 mfululizo. Jua la Ruangwa, pamoja na ukali wake, halifikishi joto hilo katikati ya gogo nene. Endelea kuanika kuni zako kwa sababu zitawaka vizuri na kupunguza moshi machoni mwa mpishi, lakini usizipeleke wilaya nyingine ukidhani umezitibu.

Swali: Kuni tunazoziweka darini zinadondosha unga juu ya makopa ya muhogo. Je, huyu ni dumuzi? (Msomaji, Newala)

Anaweza kuwa dumuzi au mmoja wa ndugu zake, na kwa chakula chenu tahadhari ni ileile. Dumuzi asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Hapa nchini alianza kuripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea pamoja na mahindi na mihogo mikavu. Wengi humjua kama mdudu wa ghalani tu, lakini ukoo wake ni wa wadudu watoboao miti, na watafiti wamemkuta akizaliana katika matawi makavu. Ndiyo sababu ghala likiwa tupu hafi njaa. Desturi ya kuweka kuni na makopa chini ya dari moja inapaswa kuachwa kabisa. Teremsheni kuni hizo leo, zile zinazotoa unga zichomwe kwanza, ghala lifagiwe mpaka kwenye nyufa, na makopa ya mwaka jana yasichanganywe na mapya.

Swali: Nimesikia kwamba Marekani watu hukatazwa kubeba kuni kutoka jimbo moja kwenda jingine. Je, hayo si mambo ya nchi tajiri tu? (Mwanafunzi, Nachingwea)

Nimefurahi kwamba kijana ameuliza. Mwaka 2002 huko Michigan, karibu na Detroit, alibainika mbawakavu wa kijani kutoka Asia, Agrilus planipennis, anayeua miti ya jenasi ya Fraxinus kwa kula chini ya gome, sawa na afanyavyo bungua wetu. Kwa mabawa yake mwenyewe angeenea polepole. Waliomrusha mbali ni watu waliobeba kuni kwenda kupiga kambi na kutembelea ndugu, na mamilioni kwa mamilioni ya miti imekufa. Serikali iliweka karantini, ikakagua, ikatoza faini, na mwezi Januari 2021 ikaiondoa karantini ya kitaifa kwa sababu mdudu alikuwa amekwisha kuenea kupita kiasi. Nchi yenye fedha na wakaguzi wengi kiasi hicho ilishindwa baada ya kuchelewa kumgundua. Sisi ambao hatuna fedha hizo tuna sababu kubwa zaidi ya kuchoma kuni karibu na zilikokatwa.

Swali: Ng'ambo ya Ruvuma kuni ni rahisi. Naweza kuzileta kwa kirikuu kupitia Mtambaswala? (Msomaji, Nanyumbu)

Usijaribu bila vibali. Kuni ni mazao ya mimea, na uingizaji wake unasimamiwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na mamlaka yake, TPHPA, mbali na vibali vya TFS. Kwa mzigo wa kirikuu sioni faida itakayobaki mkononi mwako. Kuna sababu nyingine inayonitia hofu zaidi. Afrika Kusini, mwaka 2017, watafiti walimtambua katika bustani ya mimea ya Pietermaritzburg mdudu mdogo wa takribani milimita mbili kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, anayetoboa miti ya aina nyingi na kupanda ndani yake fangasi anayeiua. Sasa amesambaa katika majimbo mengi ya nchi ile, na kuni ni mojawapo ya njia zake. Kati yao na sisi ipo Msumbiji peke yake, na Daraja la Umoja, linalovuka Ruvuma hapo Mtambaswala, halina namna ya kumzuia mdudu aliyejificha ndani ya gogo. Wanaovusha kuni kwa mitumbwi usiku nao wajue kwamba maneno haya yanawahusu.

Swali: Paleti zilizovunjika zinazotoka bandarini zinafaa kupikia? (Mama lishe, Mtwara Mjini)

Dada, tazama muhuri uliochomwa ubavuni, wenye alama ya suke la ngano. Herufi HT zinamaanisha ubao ulitibiwa kwa joto, hivyo hatari ya wadudu ni ndogo, na kama haukumwagikiwa kemikali wala mafuta unaweza kuutumia. Herufi MB zinamaanisha ulifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu. Huo usiingie jikoni kwako hata ukipewa bure. Usio na muhuri wowote uuache hapohapo, kwa sababu hakuna ajuaye ulikotoka wala kilichomo ndani yake.