Simulizi za wazee na picha za vifaa mchanganyiko

Mwalimu mwenzangu, umeuliza namna ya kuwafundisha wanafunzi wako wa Temeke kuunganisha simulizi za wazee wao na picha za vifaa mchanganyiko, yaani picha zinazoungwa kwa karatasi, vitambaa na rangi pamoja, bila kazi kuishia kuwa vipande vilivyobandikwa tu. Mimi huanza na masikio: mtoto hashiki gundi mpaka asimulie kisa cha nyumbani kwao mara mbili, na pale simulizi ya pili inapotofautiana na ya kwanza ndipo penye picha.

Kanga kuukuu inafaa kuliko karatasi yoyote, kwa kuwa tayari ina pindo, mji (pambo la katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa juu yake). Mwanafunzi wangu mmoja alilikata jina la kanga ya bibi yake katikati, akaacha nusu tu ya maneno isomeke, kwa sababu bibi mwenyewe alikuwa amesahau nusu ya kisa. Hapo sikuwa na la kuongeza.

Picha halisi za familia usizipokee kabisa (mama mmoja aliwahi kunidai ya harusi yake, na alikuwa na haki). Tumia fotokopi, si nakala za printa ya nyumbani, kwani wino wa printa nyingi za nyumbani huchuja mara gundi ya maji inapougusa. Hadibodi, ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ambao mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora juu yake hapa Dar kwa rangi za baiskeli, haipindi upesi kama boksi kwenye unyevu wetu wa pwani. Ukiwa na boksi tu, libandike karatasi pande zote mbili, kisha likandamize kwa vitabu usiku kucha.