Ijue Hemini Peke Yake Kwanza

Kila nikirudi Lamu likizoni, hakosekani kijana wa Langoni au Mkomani atakayenijia barazani: "Dada, nimeingia chuo, nasoma kemia ya viumbe. Nasikia wewe wafanya utafiti wa ugonjwa wa kusahau. Nianzie wapi?" Barazani sijawahi kulimaliza jibu, maana kila mpita njia ana salamu yake. Leo nimekaa ndani, nawaandikia nyote kuhusu vitu viwili ninavyovichunguza katika ugonjwa huo, unaoitwa Alzheimer: amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa, na hemu, kiini chenye chuma kilichomo kwenye damu.

Nyumbani kwetu ugonjwa huu tunao. Nyanya yangu hunipokea mlangoni, nampa shikamoo, ananiitikia vizuri, kisha ananitazama: "U mwana wa nani wewe?" Namwambia. Anafurahi kweli. Kabla kahawa haijapoa, ananiuliza tena. Nimeutaja uso wake kwa sababu mtaingia maabara mkiwa na uso wa namna hiyo moyoni, na uso huo utawahimiza muamini matokeo kabla hayajaiva.

Neno amiloidi maana yake ni kitu kilicho kama wanga. Mwaka 1854 Rudolf Virchow alitia iodini kwenye tishu za wagonjwa, rangi ikamfanya adhani ameona wanga. Baadaye ikajulikana kuwa ni protini, lakini jina likabaki. Mwaka 1906 Alois Alzheimer alieleza mabonge aliyoyaona kwenye ubongo wa mama mmoja aliyefariki akiwa amepoteza kumbukumbu, na mwaka 1984 George Glenner na Cai'ne Wong wakaitenga, kutoka kwenye mishipa ya damu ya ubongo, peptidi iliyomo pia ndani ya mabonge ya aina hiyo. Ndiyo tunayoiita amiloidi beta: kipande kifupi, aghalabu cha amino asidi (vijenzi vya protini) 40 au 42, kinachokatwa na vimeng'enya kutoka kwenye protini kubwa zaidi. Ile ya 42 ndiyo inayoshikana haraka.

Hemu mnaijua hata kama hamkujua jina lake. Ni pete bapa ya kaboni na nitrojeni yenye chembe moja ya chuma katikati. Himoglobini moja hubeba hemu nne, na ndizo zinazoipa damu wekundu. Sisi watu wa pwani tuna mlango wetu wa kulielewa somo hili: malaria. Kijidudu cha malaria kikishakula himoglobini, hemu inayobaki ni sumu kwake, kwa hiyo huigeuza fuwele zisizomdhuru. Klorokwini ilikuwa ikimuua kwa kuzuia fuwele hizo. Basi shikeni hilo: hemu ikiwa imeshikwa na protini yake ni mtumishi mwema, ikiachwa huru huunguza.

Sasa zikutanisheni hizo mbili. Mwaka 2006 Hani Atamna na mwenzake walionyesha kuwa amiloidi beta huishika hemu, na kwamba zikishikana hufanya kazi ya peroksidasi: zinachukua haidrojeni peroksaidi na kuoksidisha molekuli zilizo karibu, ikiwemo serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Miongoni mwa amino asidi za peptidi hiyo mna histidini tatu, nafasi ya 6, ya 13 na ya 14, na hizi mbili za mwisho ndizo zinazotajwa zaidi kukishika chuma. Arjinini, amino asidi ya nafasi ya 5, haikigusi chuma, ila ikiondolewa ile kazi ya peroksidasi hupungua sana. Tirosini, amino asidi ya nafasi ya 10, nayo imo kwenye shughuli hiyo. Halafu tazameni panya: peptidi yake inatofautiana na ya binadamu mahali patatu tu, nafasi ya 5, ya 10 na ya 13. Na panya, hata azeeke vipi, kwa asili hapati mabonge hayo. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilisimama, nikaenda dirishani. Ni jambo zuri mno. Lakini kulingana si kuthibitisha, na watu wengi wanaoanza huteleza hapo.

Mimi niliteleza kwa rangi ya buluu. Kuna kemikali ya kupimia peroksidasi, kifupi chake ni TMB. Ikioksidishwa hubadilika kutoka maji matupu hadi buluu ya nili. Niliweka peptidi, nikaweka hemini (hemu iliyotengwa, chuma chake kikiwa kimeoksidishwa), nikadondosha peroksaidi. Buluu ikaja ikianzia chini ya neli kama wino ndani ya glasi. Nikamwita mkubwa wangu kwa furaha. Aliitazama rafu ya neli zangu, akauliza swali moja: "Hemini peke yake iko wapi?" Sikuwa nimeiweka. Nilipoiweka, nayo ikageuka buluu. Polepole zaidi, hafifu zaidi, lakini buluu. Hemini tupu ina kazi yake ndogo ya peroksidasi, na mimi nilikuwa tayari kuipa peptidi sifa yote. Wiki tatu za vipimo nilizirudia.

Kwa hiyo, wadogo zangu, mwezi wa kwanza msiiguse peptidi. Ni ghali, na hamtakuwa tayari. Kaeni na hemini. Ni unga mweusi, na kwenye maji ya kawaida hauyeyuki. Uyeyusheni kwanza kwenye sodiamu haidroksaidi kidogo, ndipo muuingize kwenye bafa, yaani maji yanayolinda kiwango chake cha asidi kisibadilike. Ukishaingia huko, molekuli zake huanza kulaliana kama sahani kabatini, na ukolezi mliouandika daftarini unakuwa si ule uliomo. Hunata pia kwenye plastiki. Mwageni neli iliyokaa na hemini kisha muinue kwenye mwanga: mtaona mduara wa rangi ya kahawia ulipokuwa uso wa maji. Mduara huo ni hemini mnayodhani mmeipima. Tengenezeni mpya kila siku, ifungeni kwa karatasi ya foili isipigwe na mwanga, na pimeni ukolezi kwa spektrofotomita (chombo cha kupima mwanga unaomezwa) kila mara, msitegemee mizani. Kilele kikubwa cha mwanga inaoumeza hemini kiko jirani na nanometa 400. Kikihama baada ya kuongeza peptidi, hapo mna la kuzungumza.

Peptidi nayo ina hila moja kubwa. Ule unga mweupe unaweza kuja na vishikamano vidogo tayari, na hivyo huwa mbegu. Kijiko cha maziwa lala ya jana ndani ya maziwa mabichi, mnajua kinavyofanya. Ndiyo maana watu huiyeyusha kwanza kwenye kiyeyusho kiitwacho HFIP, ambacho ni kikali na hufunguliwa ndani ya kabati la kuvuta hewa tu, kisha huikausha na kuitunza kwenye baridi kali. Ukiruka hatua hii, matokeo ya Jumatatu hayatafanana na ya Alhamisi.

Peptidi zikishikana hufanya nyuzi, na kipimo cha nyuzi hizo kwa kawaida ni thioflavini T, rangi inayong'aa ikijibanza kwenye nyuzi za amiloidi. Ukitia hemu, mng'ao hushuka. Hapa wengi hushangilia kwamba hemu imezuia nyuzi. Ngojeni. Hemu yenyewe humeza mwanga, na inaweza kuuzima mng'ao hata nyuzi zikiwa zipo tele. Acheni nyuzi zikomae bila hemu, kisha itieni dakika ya mwisho. Mng'ao ukianguka papo hapo, hakuna nyuzi iliyoyeyuka kwa kasi hiyo. Ni mwanga uliomezwa. Kisha tafuteni hadubini ya elektroni, mzione nyuzi kwa macho.

Jambo la mwisho ni la barazani kwetu. Watu wakisikia "chuma" na "damu" watawauliza kama mzee aache nyama au tembe za kuongeza damu. Jibuni wazi: hapana. Seli hujitengenezea hemu zenyewe, hatua kwa hatua, na ya mwisho ni kukitia chuma ndani ya pete. Tunayoyaona kwenye neli hayajawa agizo la jikoni. Washaurini wampeleke mzee hospitali, kwa sababu kusahau kwingine hutokana na upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, au dawa anazomeza, na hayo yana tiba. Wa kwetu alipimwa yote hayo, hayakuwa. Nyanya bado anakula maini yake siku ya Ijumaa, na nikiwa nyumbani mimi ndiye ninayemkatia vipande.