Dawa ya presha, dawa ya goti na jua la Chalbi

SWALI: Mwanangu mfamasia, nina miaka 68, nakaa Kisauni. Mimi na wenzangu wanne tuliostaafu bandarini tunapanga kwenda Marsabit: asubuhi tutembee jangwani Chalbi, tupande ngamia Kalacha, kisha tufike Loiyangalani tulione Ziwa Turkana. Kila asubuhi nameza kidonge cha presha, losatani iliyochanganywa na haidroklorothiazaidi, na kinanikojoza sana. Goti likiniuma nameza diklofenaki. Je, nikiache cha presha nikiwa safarini? Mwenzetu mmoja anajidunga insulini na huko hakuna friji. Joto hatuliogopi, sisi ni watu wa Mombasa.

JIBU: Shikamoo mzee. Cha presha usikiache kwa shauri lako mwenyewe. Kinachonitia wasiwasi mimi ni kile cha goti.

Figo huchuja damu kwa msukumo. Mwili ukikaukiwa maji, figo hujitetea: hupanua mshipa unaoingiza damu na kubana ule unaoitoa, ili msukumo usishuke. Sasa tazama dawa zako. Diklofenaki huzuia mshipa wa kwanza usipanuke. Losatani huzuia wa pili usibane. Haidroklorothiazaidi, ndiyo hiyo inayokukojoza, imeshapunguza maji yenyewe. Hapa nyumbani waweza kuponea. Jangwani, ukitoka jasho tangu asubuhi, figo zaweza kugoma ndani ya siku chache, tena bila maumivu; utaona tu mkojo umepungua na umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Ibuprofeni ni ndugu wa diklofenaki, kwa hiyo usibadilishe hiyo kwa hii. Chukua parasetamoli, gramu 1 kwa mara moja, na kwa umri wako nisingependa upite gramu 3 kwa siku. Mafuta ya kuchua nayo ruhusa.

Hilo la kuzoea joto ni kweli nusu. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, jasho halikauki, shati linakugandia mgongoni na unajua kabisa kwamba umelowa. Kule hewa ni kavu na ina upepo, ule ule unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani. Jasho linakauka likitoka tu. Shati kavu, chumvi nyeupe kwapani, na mtu anaapa hakutoka jasho. Isitoshe, uzeeni kiu huchelewa kuja. Basi kunyweni kwa saa, msingoje kiu.

Bebeni maji ya kunywa tu lita 5 kwa kila mtu kwa siku, ya kupikia mbali. Maji ya ziwa yana magadi na floraidi nyingi, msiyategemee. Lakini usijaze tumbo maji matupu: ukiwa na dawa ya kukojoza, sodiamu, yaani chumvi iliyo damuni, yaweza kushuka ukaumwa kichwa na kuchanganyikiwa, na wenzako wakidhani ni jua watakuongeza maji yale yale. Kula chakula chenye chumvi, na siku za kutembea kunywa ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, paketi ukiichanganya kwa kipimo kilichoandikwa juu yake.

Wiki mbili kabla ya safari pima damu: kreatinini inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, sodiamu na potasiamu. Mwombe daktari wako akuandikie kabisa la kufanya siku utakayotapika au kuharisha. Mara nyingi kidonge kama chako husimamishwa hadi ule na kunywa vizuri, ila aamue yeye anayeujua moyo wako.

Insulini itunzwe kwa vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati na kitambaa kibichi juu, viwekwe kivulini penye upepo. Chupa ifungwe kwenye mfuko isiingie maji. Njia hii hapa pwani haifai sana kwa ule unyevu, kule inafaa haswa. Asiiache garini hata dakika kumi.

Ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo shika imara na uegemee nyuma, la sivyo utachomoka kichwa mbele.

Mmoja wenu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka na mwili unawaka, usimpe parasetamoli, haishushi joto la namna hiyo. Mlazeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na dereva awashe gari kwenda hospitali ya rufaa Marsabit huku mkiendelea kummwagia.