Kabla hujauliza nyumba inaashiria nini

Ukisoma riwaya za familia zilizohama visiwa vya Karibi, usikimbilie taashira. Kitu kitazame kwanza kama kitu: bei yake, nani anacho, nani anakililia. Ndivyo ninavyosoma na wanafunzi wangu, na riwaya iliyotufaa kuliko zote ni Brown Girl, Brownstones ya Paule Marshall (1959), kuhusu familia ya Boyce kutoka Barbados inayoishi Brooklyn, New York.

Tuanze na nyumba. Wengi huandika "nyumba ni ndoto ya Marekani" wakafunga daftari. Mimi huwarudisha kwa mama, Silla. Nyumba wanayoishi si yake, na wenzake wa Barbados wananunua zao, wanapangisha vyumba ili deni lilipike. Anaumia kila akiwatazama. Mumewe, Deighton, amerithi kipande cha ardhi kwao na anaota kurudi kujenga. Silla anaiuza ardhi hiyo kwa siri, kwa barua za kughushi, apate fedha za kununulia nyumba. Fedha zinamfikia Deighton, naye anazimaliza madukani kwa siku moja, akinunua zawadi. Ukifika hapo huhitaji kuambiwa ardhi ina maana gani; umeshaona ndoa ikivunjika juu yake.

Kisha bangili. Selina, binti yao, anavaa bangili mbili za fedha tangu utotoni, kama mabinti wengine wa Kibarbados waliozaliwa Marekani. Shika penseli, upige mstari kila zinapotajwa. Mwishoni anavua moja na kuitupa kwenye vifusi vya nyumba za mtaa wao zilizobomolewa. Insha nyingi husema hapo ameikana asili yake. Mimi huuliza: na ile iliyobaki mkononi? Ndipo darasa linapoanza kubishana kwa kurasa, si kwa hisia, na hicho ndicho ninachokitafuta.

Kwenye mtihani, chagua kitu kimoja tu. Onyesha mahali pawili ambapo hali yake imebadilika, utaje ni nani aliyeibadilisha.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa The Lonely Londoners ya Sam Selvon (1956). Galahad, mhamiaji kutoka Trinidad, anamkamata njiwa kwenye bustani ya London ili amle, kwa kuwa hana kazi na ana njaa. Bibi mmoja anamwona na kumpigia kelele. Anza na njaa hiyo, halafu umtazame bibi yule anamwonea huruma nani.